Bahari ya Inkishafi Isomwapo Ufipa

Ushairi wa Kiswahili ulizaliwa mahali ambapo mtu akifungua dirisha huona tanga. Kila mwanafunzi analijua jambo hili, na pengine kwa kuwa lajulikana mno halipewi uzito wake. Pate, Lamu, Mvita, Unguja na Kilwa ni miji iliyoyaelekea maji, na lugha yake ya mashaka na ya wokovu ilitoka chomboni. Mji wenye fitina una manahodha wengi, basi chombo chake huenda mrama. Aliyezunguka kote hatimaye hurudi alikotoka, kwani mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwenye papara huonywa asisafirie nyota ya mwenzake. Maneno hayo yaliposemwa mara ya kwanza hayakuwa mafumbo hata kidogo. Yalikuwa maneno ya kazi, na baadaye ndipo yakawa hekima.

Walakini tangu lugha hii ilipopanda bara ikawa lugha ya shule, ya mahakama na ya taifa, wasomaji wake walio wengi ni watu ambao hawajapata kuiona bahari. Mwanafunzi wa Sumbawanga, aketiye katika uwanda wa Ufipa kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700, huulizwa katika mtihani aeleze mfano wa chombo katika tufani. Naye hueleza vyema, kwa maneno ya mwalimu wake. Linalostahili kuulizwa ni kama mfano ule umemfikia mwenyewe, au amepokea ganda lake tu. Swali hili si la mzaha, maana juu yake umesimama ugomvi mkubwa wa ushairi wa Kiswahili: ugomvi wa kujua ni nani mwenye haki ya kuitwa mrithi wa Muyaka.

Imekuwa desturi ya walimu kumhurumia mwanafunzi huyo, kana kwamba amezaliwa jangwani. Huruma hiyo haina msingi. Ufipa ni nchi iliyolala baina ya maziwa mawili. Magharibi yake iko Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470 mahali palipo chini kabisa, ambalo katika maziwa yote ya dunia lashindwa kina na Baikal peke yake. Mashariki iko Rukwa, ziwa la maji mafupi linalotanuka na kunywea kwa kadiri ya mvua za miaka. Watu wa Kasanga, Kala, Wampembe, Kipili na Kirando wameyajua mawimbi tangu utotoni. Basi msomaji wa Ufipa hakukosa tufani. Anayo yake, na haifanani na ile ya washairi. Tofauti hiyo ndiyo yenye faida kwa mhakiki.

Na ianzwe na utungo wenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi yapata mwanzoni mwa karne ya 19, wakati fahari ya Pate ilipokuwa ikiporomoka, na William Hichens akauchapisha pamoja na maelezo yake mwaka 1939. Mshairi ausuta moyo wake mwenyewe kwa kuupenda ulimwengu. Katika kuusuta, aufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, na auambia moyo kwamba aipandaye hatapata ila hasara. Ubeti huu hutajwa sana. Aghalabu hutajwa kama ushahidi kwamba Waswahili ni watu wa bahari, kisha msemaji hupita akaenda zake.

Lakini yafaa kutazamwa yale ambayo mshairi hakuyataja. Hakuna nahodha katika bahari ile, wala tanga, wala usukani, wala nanga. Hakuna bandari. Mtu wa Pate, aliyejua kila kamba ya jahazi kwa jina lake, ameiacha bahari yake tupu. Si kwa kukosa maneno. Kama angemweka nahodha hodari katika ubeti ule, angekuwa ametia tumaini katika ustadi wa binadamu, na ustadi wa binadamu, pamoja na mali iliyopatikana kwao, ndio anaotaka kuubomoa. Methali za pwani zamtaka mtu ajue kuongoza chombo. Inkishafi yamtaka asipande. Mhakiki anayeyaweka mawili haya katika fungu moja la "mifano ya bahari" amechanganya mafundisho mawili yanayopingana.

Kisha liko neno matumbawe. Walimu wa bara hulifasiri kuwa ni mawe ya baharini, na kwa tafsiri hiyo wamemwambia mwanafunzi aina ya jiwe na kumficha mahali pake. Matumbawe hayako kilindini. Yako karibu na nchi, mwambao, penye mlango wa bandari, ambapo chombo hungojea maji yajae ndipo kipite. Jahazi lililotoka Hindi kwa kaskazi, likavuka bahari nzima bila ya dhara, huweza kupasuka mahali ambapo watu wa nyumbani wanalitazama. Hofu iliyomo katika neno hilo ni hofu ya kufika. Yaafikiana barabara na sehemu iliyo mashuhuri zaidi katika utenzi huo, ile ya majumba ya matajiri wa Pate waliokwisha kufika, wakajenga, wakapamba kuta zao kwa vyombo vya Kichina, kisha wakaachia popo na ndege makao hayo. Waliangamia wakiwa bandarini.

Ziwa Tanganyika halina matumbawe wala halina kupwa na kujaa. Hata neno pwani, likichunguzwa, halina kazi huko, kwa kuwa pwani ni mahali pa kupwa. Mtu wa Kipili ashukapo majini huenda mwaloni. Neno hilo mwalo, yaani mahali pa kufikia mitumbwi na kuanikia dagaa, ni ndugu wa diko la Unguja, na ajabu ni kwamba halionekani sana katika tungo hata za watu waliolelewa kando ya maziwa. Wanapotaka kusema juu ya kufika salama, huandika bandari. Hali bandari kwa mtu wa pwani ni ghuba iliyofichwa nyuma ya mwamba, maji yake yametulia, na ukuta wa forodha uko mbele. Katika sehemu kubwa ya ufuko wa Ufipa milima hushuka moja kwa moja hadi majini, na maji huwa marefu hatua chache tu kutoka nchi kavu. Nanga haipati pa kushika. Mwenye mtumbwi akishikwa na upepo hana mlango wa kuutafuta. Hutafuta kijito kilichotoka mlimani kikaacha kipande cha mchanga, na mahali hapo panaweza kuwa mbali.

Na pepo zenyewe ni nyingine. Bahari ya Hindi ina kaskazi na kusi, na baina yake maleleji, na kwa sababu hiyo tufani ya washairi wa pwani ina adabu ya namna fulani: yajulikana majira yake, na asafiriye nje ya majira ana lawama. Katika Tanganyika uko upepo wa kusini-mashariki utawalao miezi ya kiangazi, toka Mei hadi Septemba, wenye nguvu ya kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini hata yale ya chini yakapanda upande wa kusini. Huo nao una majira. Ila zipo dhoruba za masika zinazoteremka genge kwa ghafla, na ziko pepo za usiku zitokazo milimani kwenda ziwani, ambazo humwondoa mvuvi nchini badala ya kumrudisha. Ni rahisi kuona jinsi mawazo mawili ya majaliwa yanavyoweza kutoka katika pepo hizi mbili. Mmoja atasema aliyezama alikosea hesabu ya miezi. Wa pili atanyamaza.

Lugha yenyewe imefanya upendeleo. Bahari ni neno kubwa. Hata aina za tungo huitwa bahari za ushairi, na sauti za mwisho wa vipande huitwa vina, kana kwamba mshairi hupima maji. Ziwa, kwa upande wake, ni neno dogo. Kwa mtu wa pwani ziwa laweza kuwa maji yaliyosimama nyuma ya kijiji, na tena ni titi la mama. Ni vigumu kuliweka katika mshororo wa vitisho bila msikilizaji kutabasamu. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952, walipofika kwenye maji ya Galilaya, ambayo ni ziwa dogo sana likilinganishwa na Tanganyika, waliandika bahari mahali pengine na ziwa mahali pengine, wakiufuata uandishi wa asili wa kila kitabu. Na mtumbwi wa wavuvi wakauita chombo. Wakristo wa Ufipa, ambako mapadre wa Kizungu walianza kazi tangu Karema mwaka 1885, wamekisikia kisa cha chombo kile kanisani kwa vizazi kadha. Mvuvi wa Kirando hakuhitaji kufafanuliwa. Huenda alijiuliza tu kwa nini maji yaliyo madogo kuliko yake yameitwa bahari.

Hapa inafaa kutajwa meli ya Liemba, si kwa ajili ya sifa za umri wake, bali kwa sababu imeingiza katika maisha ya watu hawa mfano ambao ushairi haujautumia inavyostahili. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 kuwa ndilo jina la sehemu ya kusini ya ziwa. Kwa miongo mingi ilizipitia bandari za Ufipa mpaka Mpulungu. Nyingi katika bandari hizo hazikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na nchi, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na mashua na mitumbwi ikatoka gizani ikiwa imejaa watu, mifuko ya dagaa, kuku na watoto. Wimbi likiinua mashua, abiria hushikwa mkono akavutwa ndani, likishuka, hungojea.

Atazamaye jambo hili ataona kwamba mfano wa washairi umepinduka. Katika tungo za pwani chombo kidogo hupita tufani kikaingia bandarini, nayo bandari ni nchi iliyosimama. Katika Wampembe ya Liemba salama ilikuwa nje, majini, imesimama na taa zake, na hatari ilikuwa katika yale maji machache yaliyo baina ya salama na nyumbani. Mwendo wa kwenda na mwendo wa kurudi vilikuwa na hofu sawa. Mfano huu haujapatiwa diwani. Tena, tangu MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa, hakuna msomaji wa nchi za maziwa awezaye kuisoma meli kubwa kuwa ni wokovu bila kusita.

Lipo la kusemwa pia juu ya asili. Khabari za Kilwa huanza na vyombo: Washirazi wanakuja kwa majahazi saba, na kisiwa kinanunuliwa kwa nguo. Watu wanaoeleza mwanzo wao hivyo watauona mwisho wao pia katika chombo. Masimulizi ya Wafipa, ambayo Roy Willis aliyachunguza katika miaka ya 1960 na kuendelea, yana mwanzo mwingine. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, anaanguka kutoka mbinguni. Kijiji chake, Milansi, hakihami milele. Kisha wanawake watatu wageni wanakuja kwa miguu wakati mwenye nchi ameondoka kuwinda, na mkewe, ingawa ameonywa, anawapa kiti, na kwa kiti hicho utawala unapita kwao. Hakuna maji katika kisa hiki. Uhalali umo kilimani na kitini. Mgeni hatari haletwi na wimbi. Huja mlangoni akiwa amechoka, akaomba kuketi.

Msomaji aliyelelewa na kisa hicho akifungua Inkishafi, mahali atakapoguswa kwanza si pale penye bahari. Ni ubeti unaofuata. Maana mshairi, mara baada ya kuufananisha ulimwengu na bahari, aufananisha na kisima kisicho na kingo, kilicho na fahali akipigaye pembe kila akaribiaye, wala hapana anywaye. Ni ajabu kwamba wafafanuzi wameupita ubeti huu kwa haraka. Mtu wa kisiwani, katika pumzi moja, ametoka kwenye maji ya mabaharia akaingia kwenye maji ya wachungaji. Hakuona kwamba mfano mmoja ni wa heshima na wa pili ni wa kienyeji. Huko Ufipa, penye ng'ombe na visima, ubeti huu hauhitaji kamusi. Nao una ukali kuliko ule wa bahari, kwa kuwa bahari humwua ampandaye, ambapo kisima chamnyima mwenye kiu aliyekuja kwa haki yake. Mwalimu wa Sumbawanga angeanza somo lake hapo, angeshangaa jinsi bahari yenyewe ingekuwa nyepesi kueleweka baadaye.

Nathari ya Kiswahili, tofauti na ushairi, ililiona ziwa mapema, ila haikulipenda. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, aliandika maisha yake kabla ya kufa Unguja mwaka 1905. Heinrich Brode akayatoa mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akayatoa tena mwishoni mwa miaka ya 1950. Nchi za kusini mwa Tanganyika zimo tele katika kitabu hicho, na vita vyake na Nsama vimesimuliwa kwa ufundi. Lakini mwandishi ahesabu pembe, watu na siku. Maji kwake ni gharama ya njia. Jambo hili lisipitwe bure. Mitumbwi iliyovuka Tanganyika kwa salama katika zama zile ilichukua pembe na watumwa, na kwa waliofungwa ndani yake tufani haikuwa ndilo baya kuliko yote, wala kufika hakukuwa faraja. Yeyote atumiaye bandari salama kuwa mfano wa wema usio na mashaka, akiwa anaandika kando ya ziwa hili, hana budi kujiuliza ni salama ya nani. (Wanafunzi hufundishwa mara nyingi kwamba hata jina la Dar es Salaam maana yake ni bandari ya salama. Dar ni nyumba. Bandari imeongezwa na watu waipendao.)

Hivyo ule ugomvi wa miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulikuwa mkubwa kuliko vina na mizani. Ahmad Nassir alitoa Malenga wa Mvita mwaka 1971. Miaka mitano baadaye Mulokozi na Kahigi, watu wa upande wa Ziwa Viktoria, wakatoa Malenga wa Bara, na jina la kitabu likawa hoja tosha. Kabla yao Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, nchi kavu hasa, alikuwa ameshika umbo la pwani kwa mikono miwili akalitia mambo yake. Utenzi wa Enjili Takatifu wake ulichapwa mwaka 1963. Waliomcheka hawakuwa na haki. Lakini wako waliomfuata wakashika kanuni pasipo macho yake, nao ndio waliojaza magazeti kwa majahazi yasiyovuja. Katika tungo zao foromali yatajwa kwa sababu ina sauti nzuri, kiongozi ni nahodha kwa kuwa jana pia alikuwa nahodha, na tufani huisha kwenye ubeti wa saba kwa kuwa utungo una beti saba. Hakuna mtu anayetoa maji ngamani. Jahazi lisilo na kazi ya kuyatoa maji halijapata kusafiri.

Kezilahabi, katika Kichomi ya mwaka 1974, alifanya tendo dogo lililo na maana kubwa kuliko kuacha vina: alisimama Ukerewe akayatazama mawimbi ya ziwa lake. Hakuyaita bahari. Wapinzani wake walishughulika na kuhesabu mizani aliyoiacha, wakakosa kuona kwamba, kwa jambo hili moja, alikuwa karibu na Sayyid Abdalla kuliko wao, kwani naye aliyatumia maji aliyoyaona.

Kuna ubeti wa tatu katika Inkishafi unaofaa kusomwa ukingoni mwa Tanganyika, nao ni ule wa taa iliyo katika upepo. Mshairi asema uhai ni kama kandili penye upepo. Ikitaka kuzimika haizuiliki. Bahari, kisima na taa ni mifano mitatu iliyotengana katika utenzi, na msomaji wa Pate hakuwa na sababu ya kuiunganisha. Juu ya Kasanga, usiku usio na mwezi, bahari na taa ni kitu kimoja. Wavuvi wa dagaa huning'iniza karabai, na siku hizi taa za betri, juu ya maji ili samaki waufuate mwanga, na kutoka mlimani huonekana safu ya mianga mpaka upeo wa jicho. Upepo ukianza kushuka, mianga hiyo hupungua mmoja mmoja. Mtu wa mlimani asiyejua kazi ile angesoma kama mshairi, akahesabu kila mwanga uliotoweka kuwa ni mtu. Mke wa mvuvi aliye mwaloni husoma vingine: taa imeondolewa kwa mkono, nyavu zimeingizwa ndani, na makasia yameshikwa. Atajua baada ya saa moja au mbili kama amesoma sawasawa. Waliofika watalala palepale mchangani, na wenye kwao Sumbawanga watangoja gari la asubuhi lipandalo kwa Matai, maana kutoka maji hayo hadi mjini ni karibu mita 1,000 za kupanda.